Goma: soko la tairi katika mji wa mawe

Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilimwaga lava iliyopasua mji wa Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hadi ziwa Kivu, ikafunika sehemu kubwa ya katikati ya mji na mwisho wa kaskazini wa njia ya kurukia ndege. Tarehe 22 Mei 2021 lava ilishuka tena, ikaikata Barabara ya Taifa Namba 2 iendayo Rutshuru, kisha ikasimama ukingoni mwa mji. Mara zote mbili watu walisawazisha mwamba ulipopoa, magari yakarudi kupita juu yake. Mwamba huo ukivunjika hutoa kingo zinazokata kama chupa. Kwa hiyo mwenye pikapu mjini Goma anapokwenda kununua tairi, au pine kama wenyeji wanavyosema, swali lake la kwanza linapaswa kuwa juu ya ubavu.

Kwa kawaida ni meno ndiyo yanayomvuta. Katika maduka ya vipuri ya mtaa kama Birere, karibu na mpaka wa Rwanda, tairi lenye meno makubwa na herufi nyeupe ubavuni humvutia mnunuzi kabla hajauliza bei. Aina zenyewe hujulikana kwa herufi: H/T ni tairi la lami, M/T ni la matope mazito, na A/T liko katikati, kwa mtu ambaye safari moja inampitisha kwenye lami, kokoto, mawe na utelezi. Hiyo ndiyo safari ya kila siku huku. Umbali wa kama kilomita 25 tu magharibi mwa Goma kuna Sake, na anayepandisha kutoka hapo kuelekea Masisi anaacha mawe ya lava na kukutana na udongo wa milimani ambao mvua huugeuza sabuni. Huko ndiko vinakotoka viazi, maharage na chizi ya Masisi, na Hilux au Land Cruiser hupanda tupu na kushuka imejaa.

Mzigo ni hesabu ambayo wanunuzi wengi huiruka. Kila tairi limeandikwa ubavuni namba inayoashiria uzito linaoweza kubeba. Tairi la 265/65R17 lenye alama 112, saizi inayovaliwa na Hilux nyingi, linabeba kilo 1,120. Tairi la saizi ileile katika daraja la magari ya mizigo, lenye herufi LT na alama 120, linabeba kilo 1,400 likijazwa upepo wa kutosha. Kwa macho yanafanana kabisa. Tofauti iko ndani, kwenye nyuzi na tabaka, na hizo ndizo zinazoamua kama jiwe litakwaruza au litatoboa. Kampuni ya tairi ya BFGoodrich ilipoleta A/T yake ya KO2 mwaka 2014, jambo ililotangaza kwa nguvu zaidi lilikuwa ubavu: ilidai ni mgumu kwa asilimia 20 kuliko wa KO iliyoitangulia. Dai la kiwanda lisichukuliwe kama hukumu ya mahakama, lakini linaonyesha kiwanda chenyewe kinajua tairi za aina hii hufia wapi. Alama ya mlima na theluji, ambayo KO2 pia inayo, haina kazi yoyote kwenye njia ya Masisi, na mnunuzi asiilipie hata senti.

Hapa ndipo hesabu za vitabu vya biashara zinapoyumba. Tuseme tairi la bei nafuu linauzwa dola 120 na kudumu kilomita 20,000, na jingine ni la dola 250 lakini linafika kilomita 60,000. La kwanza linagharimu dola 6 kwa kila kilomita elfu, la pili kama dola 4.20, basi la ghali linaonekana kuwa rahisi. Hesabu hiyo inadhani tairi litaisha kwa kulika. Likichanwa ubavu katika mwezi wa pili, dola 250 zimekwenda na kilomita zake zimebaki kwenye karatasi. Anayefanya kazi ndani ya mji na kwenye barabara kuu anaweza kufuata hesabu ya kilomita bila wasiwasi. Anayelala Rubaya, huko Masisi, na kuamkia Sake afadhali atafute ubavu mnene kwanza, hata kama kampuni haina jina kubwa.

Ndiyo sababu tairi la kizamani la 7.50R16, lenye tyubu ndani, halijafa. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zimelivaa kwa miongo mingi. Ni jembamba, linatingisha abiria, na kwenye lami halina raha. Lakini ubavu wake ni mgumu, na likitoboka njiani fundi wa kuziba pancha analifungua kwa vyuma vya mkono na kiraka cha tyubu. Tairi lisilo na tyubu likichanika ubavuni haliuliziwi kiraka: kushona au kubandika hapo ni kubahatisha maisha ya waliopanda, na viwanda hukataza. Uwezekano wa kutengenezwa mahali ulipokwama nao ni sehemu ya uimara, ingawa hauandikwi kwenye tangazo.

Upepo nao una mtego wake. Dereva akifika kwenye matope hupunguza upepo ili tairi litanuke na kushika, na kweli husaidia. Tairi likitanuka, ubavu hutokeza nje, na jiwe linalofuata linaupata wazi. Katika njia ambayo mawe na matope hupokezana kila baada ya mita mia chache, pampu ndogo na kipimo cha upepo ni mtaji, sawa na tairi lenyewe.

Upande wa bidhaa, Goma inategemea watu wa mbali. Afrika Mashariki iliwahi kujitengenezea tairi: kiwanda cha General Tyre mjini Arusha kimenyamaza miaka mingi sasa, na Sameer Africa ya Nairobi, iliyotoa chapa ya Yana, ilitangaza kufunga uzalishaji mwaka 2016. Sasa sehemu kubwa hutoka Asia kupitia Mombasa au Dar es Salaam, na huvuka mipaka kadhaa kabla ya kuona ziwa Kivu. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini kundi la waasi la M23 lilipouteka mji mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege na benki vilifungwa, na biashara ikalazimika kutegemea noti za mkononi. Mfanyabiashara asiye na mkopo hawezi kujaza duka saizi kumi za kila aina. Anachukua zinazokwenda haraka.

Mzunguko ukiwa mrefu hivyo, umri wa bidhaa huwa jambo zito. Tairi hukaa melini, bohari hadi bohari, kisha juani mbele ya duka. Katika tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT umeandikwa umri wake: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Michelin hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano ya kazi, na libadilishwe likitimiza miaka kumi tangu litengenezwe hata kama meno bado yapo. Kwa tairi za mitumba, zenye meno ya kuvutia na bei ya kutamanisha, namba hiyo ndiyo ya kusoma kwanza. Nyufa ndogo kuzunguka ubavu husema lilelile hata namba ikiwa imefutika.

Tairi likishindwa kabisa, bado lina mnunuzi: mpira wake hukatwa na kuvishwa magurudumu ya mbao ya chukudu, ile baiskeli ya kusukuma inayobeba mizigo ya mji.

Kinachobaki kwa mwenye pikapu ni saizi. Aliyepanua tairi zake kupita za kiwanda ili gari lionekane refu, moja likichanika kati ya Sake na Masisi hatapata wa kumuazima. Mwenye 265/65R17 au 7.50R16 anaweza kukopa la akiba kwa gari lolote la aina yake linalopita. Kwa hiyo ni busara kununua matano ya aina moja badala ya manne, na kwa njia za Walikale, magharibi zaidi ya Masisi, sita.