Starlet au Vitz: Akiba ya Baba na Safari ya Binti

Wazee walisema mchagua jembe si mkulima. Lakini jembe halinywi petroli, wala halikatiwi bima. Jamaa yenye mtoto wa chuo kikuu ikitaka kununua gari haina budi kuchagua, tena kwa makini.

Tuchukue mfano, ndugu msomaji. Baba ni askari aliyerudi kutoka Somalia. Majeshi ya Burundi yalianza kwenda huko Desemba 2007, na zamu hiyo ilifikia kikomo baada ya mwaka 2024. Kwa hiyo akiba aliyorudi nayo ni ya mara moja. Nyumba yake bado haijaezekwa yote. Binti yake anasoma Chuo Kikuu cha Burundi, kampasi ya Mutanga, naye anaomba kigari cha kumfikisha masomoni asubuhi na kumbebea mama bidhaa za sokoni jioni. Huko Zone Industrielle mjini Bujumbura, kati ya maghala na gereji, yanauzwa magari mawili yenye bei zinazokaribiana: Toyota Starlet na Toyota Vitz. Lipi lichukuliwe?

Starlet ndiyo kongwe. Kampuni ya Toyota iliacha kuitengeneza mwaka 1999, na mwaka huo huo Vitz ikashika nafasi yake. Starlet za miaka ya 1990 aghalabu zina injini ya lita 1.3, Vitz nyingi za mwanzo zina injini ya lita 1.0. Starlet hiyo hutumia mkanda wa taimingi, ambao yafaa ubadilishwe kila baada ya kilomita 100,000. Ukikatika, gari husimama papo hapo. Vitz hutumia cheni, ambayo hudumu zaidi iwapo oili inabadilishwa kwa wakati.

Wengi huikimbilia Vitz kwa sababu ya petroli. Haya, tupige hesabu. Tuseme Vitz yaenda kilomita 14 kwa lita moja, na Starlet kilomita 12. Binti akienda kilomita 20 kwa siku, kwa siku 22 za masomo, ni kilomita 440 kwa mwezi. Vitz itakunywa lita 31 na ushei. Starlet lita 37 kasoro kidogo. Tofauti ni lita tano hivi. Katika mji ulioona foleni ndefu za petroli miaka ya karibuni, lita tano si za kudharauliwa. Lakini giaboksi moja iliyochoka yaweza kumeza akiba hiyo ya miezi mingi kwa siku moja.

Jambo la pili ni mlima. Bujumbura iko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ambalo usawa wake ni kiasi cha mita 770 juu ya bahari. Barabara ya Gitega hupanda hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000. Kwa safari za mjini Vitz yatosha. Lakini ikiwa gari litapakia watu watano na gunia la maharage kutoka kwa bibi, injini ya lita 1.0 hulemewa, na Starlet hupanda kwa nafuu. Kumbukeni pia kwamba magari yaliyotoka Japani yana usukani kulia, na Burundi magari hupita kulia mwa barabara. Dereva haoni mbele ya lori mpaka gari limekwisha kujitokeza. Kijana mgeni wa usukani asijaribu kulipita lori mlimani.

Kabla ya kutoa fedha, nendeni na fundi wenu, si wa muuzaji. Buyenzi mafundi hawakosekani. Nendeni asubuhi, injini ikiwa baridi. Fungueni kifuniko cha oili: utando mweupe kama maziwa ni ishara kwamba huenda maji yameingia. Liwasheni gari, mtazame ekzosi: moshi wa buluu ni oili inayoungua. Kwa Starlet, ulizeni mkanda ulibadilishwa lini. Jibu likikosekana, hesabuni kuwa haukubadilishwa, na gharama yake itolewe katika bei. Kwa Vitz, isikilizeni cheni wakati wa kuwasha. Ikilia kama njuga, hiyo si dalili njema. Mwisho, namba ya chesisi ifanane na ile ya kwenye kadi, na karatasi za ushuru ziwepo zote.

Basi, kwa mwanafunzi asiyetoka mjini, Vitz inafaa zaidi; kwa jamaa inayopanda milima, Starlet yenye mkanda mpya. Lakini kati ya gari zima na gari bovu, chukueni zima, jina liacheni.

Na akiba igawanywe kabla ya kufika Zone Industrielle: kwanza fungu la bima, pili fungu la matengenezo, ndipo fungu la kununulia. Ikiwa fungu hilo la tatu halitoshi bila kuligusa fungu la mabati, binti na apande basi mwaka mmoja zaidi. Shahada hupatikana hata kwa basi. Mvua haingoji paa.