Mgombea Mhafidhina na Mizani ya Mpiga Kura wa Bukoba (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulieleza jinsi chama cha United Tanganyika Party, ambacho watu walikizoea kwa jina la UTP, kilivyoasisiwa mwaka 1956 kwa baraka za Gavana Sir Edward Twining, na jinsi mwenyekiti wake, Bwana Ivor Bayldon, alivyowakusanya chini ya bendera moja walowezi wa Kizungu, wafanya biashara wa Kihindi na baadhi ya Waafrika waliokuwa wakiikhofu kasi ya TANU. Leo, kwa mujibu wa ahadi yetu, tutazichukua rai za mgombea wa upande ule juu ya mambo makubwa ya taifa, moja baada ya moja, tuzipime kwa maisha halisi ya watu wa nchi hii yetu ya Buhaya, kuanzia makarani wa Bilele mjini Bukoba hata wenye vibanja vya Kianja na Ihangiro, ambao ndio waliotakiwa kuzipokea au kuzikataa.

Yafaa tuanze kwa insafu. Uhafidhina si ila kwa nafsi yake, wala mtu hawi adui wa wenziwe kwa kuwa anapenda mabadiliko yaje polepole. Edmund Burke, mzaliwa wa Dublin aliyekaa miaka mingi katika Bunge la Uingereza, aliandika mwaka 1790 kitabu mashuhuri cha kuyalaumu mapinduzi ya Ufaransa, na muradi wake mkubwa ulikuwa kwamba mila, sheria na vyama ambavyo vizazi vingi vimevijenga kwa taabu visibomolewe kwa siku moja na watu wenye nadharia tupu. Rai hiyo ina uzito, na mtu yeyote aliyewahi kulea mgomba na mbuni katika kibanja alichoachiwa na babu yake hahitaji kufundishwa maana yake. Basi swali letu halitakuwa kama mgombea wa UTP alitaka kuhifadhi, bali alitaka kuhifadhi nini, na kwa faida ya nani.

Juu ya kura

Jambo la kwanza lilikuwa haki ya kuchagua. Mgombea wa UTP alishikilia kwamba kura ni amana, na kwamba amana hapewi ila mtu aliyekwisha kuonyesha ustahiki wake kwa elimu, kwa kipato au kwa cheo. Sheria ya uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 ilifuata njia hiyo hiyo: mpiga kura alitakiwa awe amepata kisomo cha kiasi fulani, au awe na mapato yasiyopungua pauni 150 kwa mwaka, au awe ameshika kazi zilizotajwa katika sheria. Matokeo yake ni kwamba katika nchi yenye watu zaidi ya milioni nane, walioandikishwa kupiga kura hawakufika hata laki moja.

Na ipimwe sheria hiyo hapa kwetu. Karani wa Bilele aliyepita katika shule ya misheni aliweza kuingia katika daftari. Walakini mzee wa Muleba, aliyelima kahawa tangu ujana wake, akalipa kodi kila mwaka, akasomesha watoto na kuamua magomvi ya ukoo, aliambiwa kwamba hana akili ya kutosha ya kuchagua mjumbe. Na mkewe, ambaye jembe halikumtoka mkononi, hakufikiriwa kabisa. Elimu ni taa, nasi watu wa Bukoba, ambao Mapadri Weupe walifungua misheni yao ya Kashozi tangu mwaka 1892, tunaijua thamani yake kuliko wengi. Lakini elimu ikifanywa kuwa lango la uraia, wakati serikali ile ile ndiyo iliyozifanya shule kuwa haba, hapo haiwi tena taa bali kufuli.

Juu ya rangi

Jambo la pili, ambalo ndilo lililokuwa roho ya UTP, lilikuwa uwiano wa mataifa matatu. Tangu mwaka 1955 upande usio wa Serikali katika Baraza la Kutunga Sheria ulikuwa na wajumbe 30, yaani Waafrika kumi, Waasia kumi na Wazungu kumi, ingawa Wazungu wote wa Tanganyika walikuwa yapata elfu ishirini tu, na Waasia pamoja na Waarabu hawakuzidi sana laki moja. Mgombea mhafidhina aliutetea mpango huo kwa hoja kwamba nchi yahitaji mtaji, ustadi na amani, na kwamba wachache hawatatulia pasipo dhamana ya kusikizwa. Rai kama hiyo ilikuwa ikihubiriwa pia na Capricorn Africa Society, jumuiya aliyoianzisha David Stirling huko Rhodesia mwaka 1949. Katika uchaguzi uliofuata mpango ukatiwa nguvu zaidi, kwa kuwa kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu, mmoja wa kila taifa, na kura yenye upungufu ilihesabiwa kuwa imeharibika.

Khofu ya walio wachache si jambo la kudharau, na taifa lisilojali khofu hiyo halina utu. Walakini dawa iliyopendekezwa iliuzidisha ugonjwa, maana ilimfundisha kila mtu kujihesabu kwanza kwa ngozi yake. Ng'ambo ya ziwa, huko Geita, watu waliletewa mwaka 1958 baraza la wilaya la mataifa mchanganyiko wasilolitaka, na fitina iliyozuka ilitikisa jimbo zima la Ziwa. TANU, baada ya mkutano wake wa Tabora wa Januari 1958, ilikubali kuingia katika uchaguzi huo wa kura tatu ijapokuwa ilichukia masharti yake, na ikawaunga mkono wagombea wa Kiasia na wa Kizungu walioafikiana na shabaha yake. UTP haikufua dafu. Viti karibu vyote viliangukia kwa TANU na marafiki zake, na chama cha Bwana Bayldon kikatoweka. Mnamo Julai 1959 wajumbe watano waliochaguliwa walitiwa katika Baraza la Mawaziri, nao walikuwa Chifu Abdallah Fundikira, Amir Jamal, Derek Bryceson, Solomon Eliufoo, na mwana wa Bukoba, Clement George Kahama, aliyekuwa meneja wa chama kikuu cha ushirika cha hapa. Tazama, ndugu msomaji: Mwafrika, Mwasia na Mzungu walikaa katika meza moja, jambo ambalo UTP ilisema haliwezekani pasipo uwiano, na waliokalishwa hapo waliletwa na chama kile kile ambacho UTP ilikikhofu.

Juu ya machifu

Jambo la tatu lilikuwa heshima ya machifu. Mwezi Mei 1957 Gavana Twining aliwakutanisha machifu wa nchi nzima huko Mzumbe, akitumaini kwamba wao, wakiwa walinzi wa mila, watakuwa boma dhidi ya wanasiasa wa mijini. Na mgombea wa UTP naye aliahidi kwamba mamlaka ya jadi hayatapuuzwa. Ahadi hii ingaliweza kupendeza mahali pengi. Katika Buhaya, penye falme zetu kuanzia Kiziba na Bugabo hata Ihangiro, mukama, yaani mfalme (wakiwa wengi, bakama), alikuwa na adhama ambayo hata walioipinga siasa yake hawakuitoa mioyoni mwao.

Lakini mtu wa hapa hakuweza kusikia habari za heshima ya bakama pasipo kuukumbuka nyarubanja. Kwa ajili ya vijana wasioujua, huo ulikuwa mpango ambao kwa huo mukama alimpa ndugu yake au mtumishi aliyempendeza sehemu ya nchi pamoja na vibanja vya watu waliokwisha kukaa humo. Na watu wale, ambao labda baba zao ndio waliofyeka pori na kupanda migomba, walijikuta asubuhi moja wamekuwa watwarwa, wenye kudaiwa mazao, pombe na kazi za mikono, na baadaye fedha, na huyo aliyepewa nchi. Kahawa ilipopanda thamani katika zama za ukoloni, tamaa nayo ilipanda, na nyarubanja zikaongezeka. Waingereza waliudhibiti mpango huo kwa kanuni, lakini hawakuufuta. Basi mgombea aliyesema kwamba mila na ibaki kama ilivyo, bila kusema ni mila ipi, alikuwa akimwambia mtwarwa kwamba udhalili wake nao utabaki.

Juu ya ardhi

Kutoka hapo twaingia katika jambo la nne. Upande wa kihafidhina ulitaka hati za mashamba ya walowezi na makampuni zilindwe ili mtaji wa nje usikimbie. Serikali nayo, ikifuata shauri la Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki iliyotoa taarifa yake mwaka 1955, ilipendekeza mwaka 1958 kwamba Waafrika waruhusiwe kumiliki ardhi milki kamili, ya kuuzwa na kuwekwa rehani. Mwalimu Nyerere aliipinga rai hiyo katika kijitabu chake Mali ya Taifa cha mwaka huo huo, akikhofu kwamba masikini watauza na matajiri watakusanya.

Hapa hukumu ya Bukoba haiwi nyepesi. Kibanja cha Mhaya si shamba tu. Ni makaburi ya wazee, ni ukoo, ni jina la mtu mbele ya majirani zake, na mwenye kibanja hutamani usalama wa kudumu juu yake. Katika hilo mhafidhina alisema jambo lililomgusa. Ila swali lilikuwa ni nani atakayeandikwa katika hati: yule anayekilima kibanja au yule anayekidai? Kwa mtwarwa, hati ya milki kamili mikononi mwa mwenye nyarubanja ingalikuwa msumari wa mwisho. Jambo hilo halikukatwa mpaka baada ya Uhuru, ilipotungwa sheria ya mwaka 1965 ya kuwakomboa watwarwa, ambayo tutaieleza kwa tafsili katika sehemu ijayo.

Juu ya wakati

Jambo la tano lilikuwa wakati. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliozuru Tanganyika mwaka 1954 ulitaja muda wa miaka 20 hadi 25 kabla ya kujitawala, na hata muda huo Serikali ya Kiingereza iliuona ni mfupi. Mgombea wa UTP alikataa kutaja siku, akisema kwamba watu hawajawa tayari. Lakini watu wa Bukoba waliijibu hoja hiyo kwa yale waliyoyaona. Mwaka 1924 walikwisha kuanzisha Bukoba Bahaya Union. Mwaka 1937 wakulima walisimama kuzipinga kanuni za kahawa walizoziona kuwa za dhuluma. Mwaka 1950 chama chao kikuu cha ushirika kiliandikishwa. Na mwaka 1952 Mhashamu Laurean Rugambwa, Mhaya, aliwekwa wakfu kuwa askofu, akakaa Rutabo, katika Muleba ya leo. Watu wanaoendesha biashara ya kahawa na kuongoza jimbo la Kanisa wataambiwaje kwamba bado hawajaweza kuchagua diwani?

Tuliyoyapoteza sote

Walakini haki haitatimia tukiishia hapa, kama kwamba walioshinda walikuwa na haki yote na walioshindwa hawakuwa na chembe yake. Mhafidhina aliwaonya watu juu ya chama kimoja chenye nguvu zisizo na mpaka, na historia haikumkanusha. Sheria ya kuweka watu kizuizini bila kuhukumiwa ilipitishwa mwaka 1962. Mfumo wa chama kimoja ukawa sheria mwaka 1965. Mabaraza ya wilaya yaliondolewa mwaka 1972. Na mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, ikatia mazao mikononi mwa mamlaka zake. Chama ambacho wakulima wa Bukoba walikijenga kwa jasho la miaka mingi, kilichosomesha watoto wao na kuwapa sauti mbele ya wanunuzi wa kahawa, kilivunjwa kwa amri, na mkulima hakuulizwa.

Hapo ndipo ilipohitajika sauti ya mhafidhina wa kweli, yaani mtu wa kusimama na kusema kwamba chombo hiki kimejengwa na watu wenyewe, kinawafaa, na hakuna mwenye ruhusa ya kukibomoa kwa nadharia. Sauti hiyo haikusikika, na sehemu ya lawama ni ya UTP, kwa sababu wao ndio waliotangulia kuufungamanisha uhafidhina na upendeleo wa rangi, na vizuizi vya kura, na adhama ya wenye nyarubanja, hata ikawa kila aliyeshauri tahadhari baada yao aliweza kunyamazishwa kwa kuitwa kibaraka wa mkoloni. Waliitumia hazina ya hoja njema kwa kulinda mambo mabaya, na hazina ilipohitajika kwa haki ilikuwa imekwisha kuisha.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa Bukoba na Muleba, ajapo mgombea yeyote, wa chama chochote, akasema kwamba anataka kuyahifadhi mambo ya jadi, ya dini, ya mali au ya sheria, tusimkubali kwa kuwa ametaja wazee wetu, wala tusimkatae kwa kuwa hakuahidi mapinduzi. Tumtake alitaje kila jambo kwa jina lake, ataje ni nani aliyelijenga na ni nani anayelibeba mabegani, kisha atwambie kama hao wanaolibeba wangelichagua libaki lau wangeulizwa. Likiwa ni lao na wanalitaka, tumpe kura tena tumsaidie kulilinda, hata mbele ya Serikali tunayoipenda. Likiwa ni mzigo wao kwa faida ya mwingine, tumkatae kwa adabu na kwa uthabiti, kama babu zetu walivyoikataa UTP.

(Itaendelea: Sheria ya Nyarubanja ya mwaka 1965 na uchaguzi wa Jembe na Nyumba.)