Tulale Wapi Njiani?



Kila likizo inapokaribia, familia nyingi za parokia zetu hujiandaa kwa safari. Wengine huenda kuwaona wazee, wengine huenda harusini, na wengine msibani. Ndugu huchangishana fedha, wakakodi Hiace au Coaster, wakaondoka pamoja na watoto, mizigo na masufuria. Hilo ni jambo jema. Lakini tukiwauliza, "Mtalala wapi njiani?", wengi hujibu, "Tutaona huko huko."

Sisi wauguzi wa hospitali ya misheni iliyo kando ya barabara kuu hatulipendi jibu hilo. Baadhi ya hao waliosema wataona huko huko tumewapokea sisi, na mara nyingi ilikuwa alfajiri.

YALIYOTUPATA SISI WENYEWE

Kabla ya kuwafundisha wengine, hatuna budi kukiri kosa letu. Miaka michache iliyopita tulitoka Dar es Salaam kwenda Bukoba harusini, watu 13 katika Hiace moja pamoja na dereva. Ni safari ya kilomita zinazokaribia 1,400. Tuliondoka asubuhi, tukafika Singida saa 3 usiku. Tukapata gesti, tukagawana vyumba, tukaoga na kulala. Kesho yake mapema tukaendelea na safari.

Tulipopita Nzega jua lilikuwa kali na watoto walikuwa wamesinzia. Gari likaanza kuiacha lami polepole, likielekea mtaroni. Mama mmoja akapiga kelele. Dereva akashtuka, akalirudisha gari barabarani, na lori lililokuwa likija mbele yetu likapita likipiga honi.

Tukasimama chini ya mti. "Mwanetu, una usingizi?" tukamwuliza.

"Hapana mama, ni jua tu."

"Jana ulilala wapi?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Garini, mama. Mlisema mizigo isiachwe peke yake."

Ni kweli, tulisema hivyo. Tulikuwa tumelipia vitanda vya watu wote, hata vya watoto, isipokuwa kitanda cha yule aliyeyashika maisha yetu mikononi. Tuliona haya sana. Dereva akalala kivulini kwa muda wa saa moja na nusu, nasi tukakaa kimya tukimlinda. Tangu siku hiyo, tunapopanga safari, kitanda cha kwanza kulipiwa ni cha dereva. Mizigo hushushwa ikaingizwa chumbani, au watu wazima wengine hupokezana kuilinda.

USINGIZI HAUSHINDWI KWA USHUJAA

Mtu aliyekaa macho kwa muda wa saa 17 au 18 mfululizo, uangalifu wake hupungua kama wa mtu aliyekunywa pombe. Mwili wenyewe una nyakati zake za kudai usingizi: kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi, na tena mchana kati ya saa 8 na saa 10. Muziki mkubwa na dirisha wazi haviondoi usingizi. Kahawa husaidia kwa muda tu, tena huchukua karibu nusu saa kabla ya kufanya kazi. Dereva akianza kupiga miayo na kufikicha macho, au asipokumbuka kijiji alichopita sasa hivi, dawa ni moja: gari lisimame mahali salama, naye alale angalau dakika 15 hadi 20. Hata hivyo, hiyo ni dawa ya kumfikisha kituoni, haichukui nafasi ya kulala usiku kucha.

Kwa miaka mingi mabasi ya abiria nchini Tanzania yalikatazwa kusafiri usiku. Mwaka 2023 Serikali iliondoa katazo hilo. Sasa tunawasikia watu wakisema, "Kama mabasi yanakwenda usiku, kwa nini sisi tulipie gesti?" Ndugu msomaji, basi la safari ndefu huwa na madereva wawili wa kupokezana. Je, gari lenu lina wangapi?

HESABUNI SAA, SI KILOMITA TU

Kituo cha kulala kichaguliwe kabla ya kuondoka nyumbani. Msihesabu kilomita peke yake, maana kuna vijiji vya kupita kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kuna mizani na malori, na kuna watoto wa kuteremshwa wajisaidie. Pangeni kufika kabla giza halijaingia, ili mkione chumba vizuri, na mkikikataa mpate nafasi ya kutafuta kingine.

Tuchukue safari hiyo ya Bukoba. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni kilomita kama 450, na kutoka Dodoma hadi Singida ni kama 240. Kwa hiyo Singida ni karibu nusu ya njia, na watu wazima wenye afya wakiondoka saa 11 alfajiri wanaweza kuifikia jioni. Lakini mkiwa na mzee, mama mjamzito au mtoto mchanga, laleni Dodoma usiku wa kwanza na Kahama usiku wa pili. Anayeamua urefu wa siku ni msafiri aliye dhaifu kuliko wote. Na kila baada ya muda wa saa mbili gari lisimame, watu wote washuke na kutembea kidogo. Kukaa kitako muda mrefu huweza kugandisha damu miguuni, na walio katika hatari zaidi ni wajawazito, waliojifungua karibuni na waliofanyiwa upasuaji.

KAGUENI KABLA YA KULIPA

Msione haya kuomba kuonyeshwa chumba. Angalieni haya yafuatayo:

1. Chandarua. Kiwepo, kisiwe na matundu, na kifike chini ya godoro. Ni vema zaidi kubeba cha kwenu chenye dawa. Anayekwenda Geita na Kagera aelewe kwamba huko malaria ni nyingi kuliko Dodoma na Singida.

2. Kitanda. Inueni shuka mtazame mishono ya godoro. Vidoa vyeusi ni dalili ya kunguni. Na mkilala kwa ndugu katika nyumba ya udongo, hasa mkoani Dodoma, kumbukeni papasi. Hujificha katika nyufa za sakafu na kuta, huuma usiku, na huleta homa inayopoa kisha ikarudi. Homa hiyo ni ya hatari kwa wajawazito na watoto wachanga. Laleni juu ya kitanda kilichosogezwa mbali na ukuta, msitandike mkeka chini.

3. Maji na choo. Choo kiwe karibu na kiwe na mwanga, mzee asije akaanguka usiku. Maji ya kunywa yawe yaliyochemshwa au ya chupa iliyofungwa. Bebeni pia pakiti za chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji mwilini. Pakiti ya kawaida huchanganywa katika lita 1 ya maji safi.

4. Utulivu na ulinzi. Gesti iliyo juu ya baa ni rahisi, lakini dereva hatapata usingizi. Hosteli za jimbo na nyumba za masista mara nyingi huwa na uzio na utulivu. Pigeni simu mapema kuulizia nafasi.

MKILAZIMIKA KULALA GARINI

Wakati mwingine gari huharibika. Ikiwa hivyo, liegesheni penye watu na mwanga, mkiomba ruhusa, wala si ukingoni mwa barabara. Zimeni injini. Moshi wake una hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, na mtu aliyelala hufa bila kuamka. Sumu hiyo hiyo hutoka katika jiko la mkaa. Kwa hiyo hata kama baridi ni kali, jiko lisiingizwe garini wala chumbani. Dumu la petroli lisikae mnapolala. Acheni madirisha wazi kiasi, na mfunike watoto kwa chandarua.

WENYE MARADHI YA KUDUMU

Dawa zote zikae katika mkoba wa mkononi, zisipandishwe juu ya keria. Insulini isiachwe katika gari lililoegeshwa juani, wala isigandishwe kwa barafu. Mwenye kisukari abebe chakula, asingoje mpaka gari lifike mjini. Mwenye presha asiache vidonge kwa kuogopa kusumbua watu kwa haja ndogo. Afadhali gari lisimame. Mtoto mwenye selimundu anywe maji mengi na afunikwe baridi isimpate. Mwenye kifafa asikose usingizi, kwani kukesha huamsha degedege. Hawa wote wanatosha kuwa sababu ya kulala njiani, hata dereva akisema hajachoka.

BAADA YA KUFIKA

Malaria aliyoambukizwa mtu njiani haionekani siku ile ile. Kwa kawaida homa huanza siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa na mbu, hapo watu wakiwa wamekwisha kuisahau gesti. Mtu akipata homa baada ya safari, aende kupimwa mapema, na amweleze mganga alilala wapi na wapi. Neno hilo moja husaidia sana.

Wapenzi wasomaji, kulala njiani usiku mmoja huongeza gharama, hilo tunalijua. Lakini mkikaa kupanga michango ya gari na mafuta, andikeni na mstari mmoja zaidi: kitanda cha dereva. Kinga ni bora kuliko tiba. Tunawatakia safari njema, na tungependa mpite mbele ya hospitali yetu mkitupungia mikono, bila kuwa na haja ya kuingia.