Kiini cha kompyuta kinapogoma kuwaka: Jinsi hitilafu za zana za ujenzi zinavyosakwa

SIMU za mkononi za Android zilizoenea mijini na vijijini, pamoja na seva nyingi zinazoendesha huduma za intaneti duniani, zinategemea programu moja ambayo mtumiaji wa kawaida haioni kamwe. Programu hiyo ni kiini cha mfumo endeshi cha Linux.

Kiini hicho, kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, ndicho kinachogawa muda wa prosesa, kusimamia kumbukumbu na kuamua programu ipi ifanye kazi lini. Kikizorota, kila kilicho juu yake huzorota. Kikikosea, data ya mtumiaji inaweza kuharibika bila yeye kupata onyo lolote.

Kutokana na umuhimu huo, wahandisi wamekuwa wakitafuta namna ya kukiongezea kasi bila kukiandika upya. Mojawapo ya njia hizo ni kukijenga kwa kufuata profaili, yaani rekodi ya jinsi kinavyofanya kazi katika mazingira halisi. Njia hiyo imezoeleka katika programu za kawaida, ikiwamo Firefox na lugha ya Python. Hata hivyo, inapopelekwa kwenye kiini huzusha hitilafu ambazo chanzo chake huwa mbali na mahali zinapojitokeza.

Vipimo kabla ya mkasi

Kompaila ni programu inayogeuza msimbo ulioandikwa na binadamu kuwa amri zinazoeleweka na prosesa. Inapokuta njia panda ndani ya msimbo, haina habari ni njia ipi itakayopitwa mara milioni kwa siku na ipi itakayopitwa mara moja kwa mwaka. Hukisia tu.

Profaili huondoa ukisiaji huo. Ni mfano wa fundi cherehani anayempima mteja kabla ya kushika mkasi, badala ya kukata kitambaa kwa kumtazama kwa mbali.

Kazi hiyo ina hatua tatu. Kwanza, kiini hujengwa kikiwa kimepandikizwa vihesabio vinavyorekodi kila njia inayopitwa. Pili, huendeshwa kwa kazi zinazofanana na zile kitakazozifanya baadaye, mathalani kuhudumia hifadhidata, kisha hesabu hukusanywa katika faili. Tatu, hujengwa upya huku kompaila ikisoma hesabu hizo. Msimbo unaotumika mara kwa mara huwekwa pamoja, na ule unaotumika kwa nadra huwekwa kando, ili prosesa ipate amri zake kwa haraka.

Kila hatua hutegemea zana zaidi ya moja: kompaila, kiunganishi kinachounga vipande vyote kuwa faili moja, na programu ya kusoma profaili. Zana hizo zote zilibuniwa kwa ajili ya programu za kawaida. Hapo ndipo matatizo yanapoanzia.

Maktaba isiyokuwapo

Hitilafu ya kwanza kukutana na mjenzi kwa kawaida hutokea mwishoni mwa ujenzi, pale kiunganishi kinapolalamika kuwa majina fulani hayajulikani. Mengi huanza kwa __gcov iwapo kompaila ni GCC, au __llvm_profile iwapo ni Clang.

Sababu yake ni hii: kompaila inapopandikiza vihesabio, huacha ndani ya msimbo miito ya kuomba msaada kutoka katika maktaba inayofuatana nayo. Programu ya kawaida huunganishwa na maktaba hiyo bila mjenzi kujua. Kiini hakiunganishwi nayo, kwa kuwa hakina faili za kufungua wala mfumo endeshi wa kukisaidia. Chenyewe ndicho mfumo endeshi.

Kwa hiyo kila fanksheni inayoitwa lazima iandikwe upya ndani ya kiini. Kwa upande wa GCC, kiini cha Linux kimekuwa na utaratibu wa namna hiyo tangu toleo la 2.6.31 la mwaka 2009, ingawa ulilengwa kuonyesha ni sehemu zipi za msimbo zimefanyiwa majaribio. Kompaila ikiongeza mwito mpya katika toleo linalofuata, na kiini kisipoufahamu, ujenzi hukwama tena.

Fundi mzoefu hasomi ujumbe wa mwisho peke yake. Hutafuta jina la kwanza lililokosekana, huangalia ni faili gani lililoliomba, kisha hujiuliza iwapo faili hilo lilipaswa kupandikizwa vihesabio tangu mwanzo.

Mahali pasipofaa kuhesabu

Hitilafu ya pili ni ngumu zaidi, kwani ujenzi hukamilika bila lawama yoyote, lakini mashine haiwaki. Kioo hubaki cheusi.

Ndani ya kiini zipo sehemu zinazofanya kazi kabla kumbukumbu haijapangwa, au katika nukta ile ile prosesa inapokatizwa kazi moja na kupokea nyingine. Kihesabio kikiwekwa hapo hujaribu kuandika mahali ambapo bado hapaandikiki, na mashine huanguka kabla ya kuweza kuandika ujumbe wowote wa kueleza yaliyoisibu.

Faili kama hizo huondolewa katika upandikizaji kwa kuandikiwa katazo katika faili la maelekezo ya ujenzi. Ugumu ni kulitambua faili lenye kosa miongoni mwa maelfu. Njia inayoaminika ni kugawa nusu kwa nusu: vihesabio huzimwa katika nusu ya saraka, kisha mashine hujaribiwa. Ikiwaka, kosa limo katika nusu iliyozimwa, nayo hugawanywa tena. Kwa mtindo huo, faili 4,000 humalizwa kwa majaribio yapatayo 12.

Majaribio hayo hufanywa ndani ya mashine ya kuigiza, mathalani QEMU, ambako mhandisi anaweza kukisimamisha kiini amri kwa amri na kuona kilipofia, pasipo kuhatarisha diski yenye data halisi.

Nukta moja iliyobadili mambo

Chanzo kingine cha matatizo ni zana kutoelewana kwa sababu ya tofauti za matoleo. Faili la profaili lililotolewa na toleo moja la Clang huenda lisisomeke kwa zana za toleo jingine, kwa kuwa mpangilio wake hubadilika. Ndiyo maana hushauriwa kwamba kompaila, kiunganishi na kisoma profaili vitoke katika toleo moja.

Mfano mzuri ni wa mwaka 2020. Toleo la 11 la Clang liliongeza nukta moja mwishoni mwa majina ya sehemu ambamo msimbo hutengwa kwa kufuata profaili, kama vile ile ya msimbo unaotumika sana. Ramani ya kiini, ambayo humwelekeza kiunganishi mahali pa kuweka kila sehemu, haikuyajua majina hayo mapya.

Kiunganishi kikikuta sehemu isiyotajwa katika ramani hakigomi. Huiweka kinapoona panafaa. Msimbo unaweza kujikuta nje ya mipaka ambayo kiini hutambua kuwa ndiyo eneo la msimbo wake, na zana za uchunguzi zikashindwa kuutaja kwa jina. Mwaka huo huo ramani ya Linux ilirekebishwa ili sehemu hizo zirudishwe pamoja na msimbo mwingine.

Kosa la aina hiyo halionekani kwa kusoma msimbo wa kiini, maana msimbo wenyewe hauna dosari. Huonekana kwa kuorodhesha sehemu za faili lililokamilika na kuzilinganisha na ramani, au kwa kukiamuru kiunganishi kitoe onyo kila kinapokuta sehemu isiyo na mwenyewe.

Profaili inayodanganya

Huenda hatari kubwa kuliko zote ni ile isiyotoa dalili. Kiini hujengwa, huwaka na kufanya kazi, lakini kasi haiongezeki, au hupungua.

Mara nyingi hali hiyo hutokana na profaili isiyolingana na msimbo. Iwapo msimbo umebadilishwa baada ya vipimo kuchukuliwa, kompaila hutoa onyo kwamba takwimu za fanksheni kadhaa zimepitwa na wakati, kisha huzipuuza. Katika ujenzi unaotoa maelfu ya mistari, onyo hilo hupita bila kusomwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Aidha, katika mashine yenye prosesa nyingi, vihesabio viwili vinaweza kuongezwa kwa wakati mmoja na hesabu moja ikapotea. GCC ina kipengele cha kusahihisha hesabu zisizowiana, pamoja na kingine cha kuhakikisha kila hesabu inaandikwa kikamilifu, ingawa hiki cha pili huongeza uzito wa kazi.

Hali kadhalika, vipimo vya mteja mmoja havimfai mwingine. Kiini kilichopimwa kikihudumia hifadhidata hakitarajiwi kung'ara katika kazi ya kupitisha mawasiliano ya mtandao.

Kompaila inapokosea

Yapo pia matukio ambayo mkosaji ni kompaila yenyewe. Julai 2014, wakati toleo la 3.16 la Linux likiandaliwa, viini vilivyojengwa kwa GCC 4.9.0 vilianza kuanguka ovyo katika sehemu inayogawa kazi baina ya prosesa.

Torvalds aliposoma amri zilizozalishwa, alikuta kompaila ikihifadhi thamani katika eneo la kumbukumbu kabla ya kulitenga. Katika programu ya kawaida jambo hilo lingeweza kuvumilika, lakini ndani ya kiini eneo hilo huweza kufutwa wakati wowote prosesa inapokatizwa. Wasanidi walizima kipengele kimoja cha GCC kinachohusiana na taarifa za kusakia hitilafu, na anguko hilo likakoma.

Funzo lake ni kwamba kompaila hailaumiwi kwa hisia. Faili linaloshukiwa hujengwa mara mbili, kwa profaili na bila profaili, au kwa matoleo mawili ya kompaila, kisha amri zinazozalishwa hulinganishwa. Tofauti iliyopo ndiyo ushahidi.

Njia isiyohitaji vihesabio

Matatizo ya upandikizaji yalijadiliwa kwa kina mwaka 2021, wakati wahandisi wa Google walipopendekeza Linux ikubali profaili za vihesabio vya Clang. Pendekezo hilo lilipata upinzani, kwa hoja kwamba kompaila ilikuwa haijahakikisha kuziacha bila vihesabio sehemu zisizopaswa kuguswa. Torvalds naye alihoji kwa nini isitumike njia ya sampuli. Pendekezo halikuingizwa.

Njia hiyo ya sampuli, ijulikanayo kama AutoFDO, ilikubaliwa katika toleo la 6.13 lililotoka Januari 2025. Huhitaji Clang ya toleo la 17 au jipya zaidi. Badala ya kupandikiza chochote, kiini cha kawaida huendeshwa huku prosesa yenyewe ikirekodi njia panda ilizopita karibuni, na programu ya perf hukusanya rekodi hizo.

Kwa njia hiyo, hitilafu za maktaba isiyokuwapo na za vihesabio vilivyowekwa pasipofaa huondoka. Nyingine hubaki. Prosesa lazima iwe na uwezo wa kurekodi njia panda, uwezo ambao mara nyingi haupatikani ndani ya mashine za kuigiza. Faili la kiini kilichopimwa lazima lihifadhiwe, likiwa na taarifa zake za kusakia hitilafu, la sivyo sampuli hazitaweza kufasiriwa.

Kwa anayejenga kiini kwa njia yoyote kati ya hizo, mpangilio wa uchunguzi ni ule ule. Kiini bila profaili kijengwe kwanza na kuthibitishwa kuwa kinawaka. Matoleo ya zana yaandikwe. Kila hatua ijaribiwe peke yake, na kibadilishwe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mwisho, kasi ipimwe dhidi ya kiini kile cha kwanza, kwa kazi halisi itakayofanywa, kabla mashine haijakabidhiwa data ya watu.