Nusu kilo ya nyama, mbabula moja, dakika kumi

Ndugu zangu wahitimu, na ninyi mafinalisti munaokaa watu watatu chumba kimoja, leo tuache kidogo mambo ya staji na barua za kuomba kazi. Tuongee nyama ya ng'ombe. Si nyama ya sherehe. Ni ile nusu kilo unayonunua mwisho wa mwezi: unaiweka motoni saa 11 jioni, saa 2 usiku bado inapigana na meno, na makala yamekwisha.

Hapa kwetu Lubudi jambo hili linachekesha na kuhuzunisha pamoja. Teritwari yetu ndiyo yenye nyanda za juu za Biano, ambako ng'ombe wamefugwa tangu wakati wa Wabelgiji. Teritwari hiyo hiyo ndiyo yenye Fungurume, mgodi ambao kampuni ya CMOC ya China ilinunua sehemu kubwa yake mwaka 2016 kutoka kwa Freeport-McMoRan ya Marekani. Kwa hiyo ng'ombe tuko nao, na watu wanaojua kupika nyama kwa dakika 5 ni jirani zetu. Lakini siye tunaendelea kuchemsha saa 3.

Mimi nilifundishwa na yaya wangu. Alifanya kazi miaka kadhaa jikoni kwenye kambi moja ya wafanyakazi wa mgodi. Alikata nyama ya mamia ya watu kila siku, akarudi nyumbani mikono inanukia tangawizi, na usiku tulikula bukari na sombe kama kawaida. Mkataba ulipokwisha hakupewa hata karatasi moja ya kusema anajua kitu. Siku ya kwanza aliponiona nikihangaika na sufuria, alicheka: "Mudogo, nyama haiko nguvu. Ni weye njo unaikata mubaya."

Hapo somo lilianza.

Kisu kwanza, moto baadaye

Tazama kipande cha nyama kibichi. Utaona nyuzi ndefu zinazokwenda upande mmoja, kama kamba zilizofungwa pamoja. Ukikata kwa kufuata nyuzi, kila kipande kinabaki na kamba ndefu, na meno yako ndiyo yatafanya kazi ya kisu. Ukikata kwa kuzivuka, kamba zinakuwa fupi na nyama inaachana yenyewe mdomoni. Unene uwe kama milimita 3. Kama jirani ana frigo, weka nyama kwenye konjelateri dakika 30 hivi ikaze kidogo. Kisu kitapita vizuri.

Chagua pia sehemu. Nyama ya shingo na ya muguu ina mishipa mingi myeupe. Hiyo inataka maji na saa nyingi, usiilazimishe. Omba nyama ya mgongo au ya paja isiyo na mishipa.

Na kuna sababu ya kijiografia. Kolwezi iko juu ya bahari kwa mita kama 1,400. Kwenye urefu huo maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi, si 100. Kwa hiyo nyama ngumu ya kuchemsha inachelewa huku kwetu kuliko Matadi, na makala yanaungua zaidi. Lakini mafuta kwenye kikaango hayajali mwinuko. Yanapita digrii 140 bila shida, na hapo ndipo nyama inageuka rangi ya kahawia na kutoa ile harufu inayoita majirani.

Siri ya unga mweupe

Wachina wanafanya kitu ambacho siye hatukuzoea: wanaipaka nyama wanga kabla ya kuikaanga. Kwa nusu kilo, chukua kijiko 1 cha supu cha sosi ya soja, kijiko 1 cha supu cha maizena, kijiko 1 cha mafuta na sukari kidogo. Changanya kwa mkono, acha dakika 15. Maizena inafanya ngozi nyembamba juu ya nyama. Ngozi hiyo inazuia maji ya ndani yasikimbie, na inashika sosi. Usitumie unga wa bukari. Hauyeyuki vile, utapata chenga.

Kama nyama ni ya ng'ombe mzee, kuna dawa ya pili: nusu kijiko cha chai cha bikarbonati, dakika 15, kisha unasuuza na kukausha kabla ya kutia yale mengine. Bikarbonati inapunguza asidi juu ya nyama, na protini hazijikazi sana zikipata moto. Ukizidisha, utakula sabuni. Watu wa pwani, Mombasa na Zanzibar, wanatumia papai bichi kwenye mishkaki kwa kazi hiyo hiyo. Utomvu wa papai unavunja protini. Nao ukiusahau mpaka asubuhi, nyama inakuwa uji.

Mbabula inatosha

Wengi wanasema, "Ile ya Kichina inataka jiko la gesi." Hapana. Makala yaliyoshika vizuri yana joto kali kuliko riso ya umeme, na umeme wenyewe munaujua. Subiri moshi uishe na makala yawe mekundu, kisha pepea. Andaa kila kitu kabla: vitunguu vimekatwa, sosi iko kwenye kikombe, wali umeiva. Ukianza kukaanga hakuna tena nafasi ya kutafuta kijiko.

Kosa kubwa ni kutupa nusu kilo yote mara moja. Kikaango kinapoa, nyama inatoa maji, na sasa unachemsha badala ya kukaanga. Gawa mara 2 au 3. Tandaza, acha dakika 1 bila kugusa, geuza, acha nusu dakika, toa. Halafu tia vitunguu 2, tangawizi, kitunguu saumu, karoti na shu, dakika 3. Rudisha nyama yote pamoja na sosi: kijiko 1 cha soja, vijiko 3 vya maji, kijiko 1 cha chai cha maizena. Dakika 1, sosi inang'aa, umemaliza.

Neno moja zito hapa. Usipikie mbabula ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama mvua inanyesha, hata kama makala hayatoi moshi. Makala mekundu yanatoa gesi isiyo na harufu wala rangi, na inaua watu waliolala. Mbabula ikae nje au chini ya baraza, na usiiingize chumbani kuota moto usiku wa Juni.

Njia mbili nyingine

Japani kuna chakula kinaitwa gyudon: nyama nyembamba na kitunguu juu ya bakuli la wali. Duka la Yoshinoya lilianza kukiuza mwaka 1899 kwenye soko la samaki la Nihonbashi, Tokyo, kwa watu wa soko waliokuwa na njaa na haraka. Hakitaki hata mafuta. Chemsha kitunguu kwenye nusu kikombe cha maji, vijiko 3 vya soja, kijiko 1 cha sukari na tangawizi. Kikilainika, tia nyama, dakika 3, mwaga juu ya wali. Kwa asubuhi ya mtihani, hakuna bora.

Wakorea wana bulgogi, maana yake nyama ya moto. Soja, sukari, kitunguu saumu na maji ya peasi, halafu nyama juu ya makala. Peasi kwetu ni za kutafuta. Maji kidogo ya nanasi yanafanya kazi, ila usipite dakika 30, kwa sababu nanasi linavunja nyama kama papai.

Angalia chumvi. Kijiko kimoja cha supu cha soja ya kawaida kina karibu nusu ya chumvi ambayo Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe kwa siku. Kwa hiyo ukitia soja, usitie chumvi, na Maggi ibaki kwenye karatasi yake. Sufuria ni ya watu wanne, si ya mmoja.

Hesabu

Kwa njia ya zamani, nusu kilo ilikuwa vipande 6 na ugomvi. Ikikatwa nyembamba na kuchanganywa na mboga, watu 4 au 5 wanashiba na kila mdomo unapata nyama. Makala yanayopika sufuria moja ya kuchemsha, yaya anapikia mara 4. Na kila mfuko wa makala ni muti uliokatwa mahali fulani; ninyi munaopita barabara ya Kolwezi munaona wenyewe pori lilivyorudi nyuma.

Sasa yaya anauza sahani karibu na gare ya Lubudi: wali, nyama ya haraka, pilipili pembeni. Ile karatasi ya kambi hakuipata mpaka leo, na hakuna mteja aliyemuuliza. Mimi mwenye diploma ninamshikia daftari la hesabu. Tulisoma uchumi miaka mitano, na hakuna aliyetufundisha kwamba ujuzi unaweza kutoka mgodini mikononi mwa mtu, bila lori na bila kibali.

Jumapili hii jaribu. Kata kwa kuvuka nyuzi, pepea makala, na usigawe kazi yote kwa dada zako. Wavulana, kisu hakina jinsia.