Kizimba cha uume: Limbukeni apime kwanza, anunue baadaye

SI jambo linalozungumzwa barazani, na pengine ndiyo sababu wengi hulianza bila mwongozo wowote. Kizimba cha uume, yaani kifaa kidogo kinachofunika uume na kufungwa kwa kufuli ili usiweze kusimama, kimekuwa kikinunuliwa kimyakimya na watu wazima wa hapa nchini kupitia intaneti. Wapo wanandoa wanaokitumia kama mchezo wa mapenzi ambapo mmoja huwa mshika ufunguo. Wapo pia wanaokivaa kwa hiari yao ili kujizoeza kujizuia.

Iwe sababu ni ipi, kosa la limbukeni huwa lile lile. Huvutiwa na umbo, rangi au bei, akasahau kwamba kifaa hiki hukaa juu ya mishipa ya damu. Kizimba kisichomtosha mvaaji si suala la starehe tu, bali ni la afya.

Kwa kawaida kizimba huwa na sehemu tatu. Ya kwanza ni pete inayopita nyuma ya korodani na kuuzunguka uume pale unapoanzia. Ya pili ni mrija au kikapu kinachoufunika uume wenyewe. Ya tatu ni kufuli inayoziunganisha mbili hizo.

Kati ya sehemu hizo, pete ndiyo yenye uzito zaidi. Ikibana mno, huzuia damu kurudi mwilini, na uvimbe unaotokea huifanya ibane zaidi. Ikilegea mno, korodani moja huweza kuchomoka, nacho kizimba hubaki kikining'inia na kuchubua ngozi.

Kuipima si kazi ngumu. Chukua uzi au utepe wa fundi cherehani, uzungushe nyuma ya korodani na juu ya uume ukiwa umelala, bila kukaza. Kisha gawanya urefu huo kwa 3.14 ili upate kipenyo. Kwa mfano, mzunguko wa sentimita 14 hutoa kipenyo cha takriban milimita 45. Ukijikuta katikati ya vipimo viwili, anza na kile kikubwa. Pete ikishavaliwa, kidole chako kidogo kiweze kupenya kati yake na ngozi.

Kwa kuwa mwili haufanani asubuhi na jioni, wakati wa joto na wa baridi, ni busara kununua seti yenye pete kadhaa za vipimo tofauti. Urefu wa mrija nao upimwe siku kadhaa, uume ukiwa umelala. Mrija uwe sawa na kipimo hicho au pungufu kidogo tu. Mrefu kupita kiasi huacha nafasi ya uume kuanza kusimama ndani na kujisukuma, na mfupi kupita kiasi hubana. Aidha, hakikisha tundu la mbele linalingana na njia ya mkojo. Hata hivyo, wavaaji wengi hulazimika kuchutama au kuketi wanapokwenda haja ndogo.

Kuhusu malighafi, plastiki ngumu ni nyepesi na ya bei nafuu, na humfaa anayetaka kujaribu kwanza. Kagua kingo zake kwa kidole, kwani mshono mkali hukata ngozi. Silikoni ni laini, lakini hushika jasho. Chuma kisichoshika kutu hudumu na husafishika vyema, ila ni kizito, na chuma duni huweza kuwa na nikeli inayowawasha baadhi ya watu. Tena, anayeingia katika majengo ya Nairobi akipekuliwa kwa kifaa cha kutambua chuma atajikuta akijieleza kwa bawabu.

Wanaoanza wajihadhari pia na vizimba vinavyofungwa kwa simu. Mnamo Oktoba 2020, wataalamu wa Pen Test Partners nchini Uingereza walifichua kwamba kizimba cha Cellmate, kilichoundwa na kampuni ya Qiui ya Uchina, kilikuwa na dosari iliyomwezesha mtu wa mbali kukifunga kabisa. Kifaa hicho hakikuwa na ufunguo wa mkono. Mapema mwaka wa 2021, iliripotiwa kwamba baadhi ya watumiaji walitumiwa vitisho na wahalifu wa mtandaoni waliodai fidia. Funzo ni kwamba kufuli ya kawaida na ufunguo wa akiba ndani ya nyumba ni salama zaidi.

Kizimba kikifika, usikivae siku nzima. Anza kwa saa moja ukiwa nyumbani, kisha saa mbili, ukipaka mafuta ya kulainisha yenye asili ya maji penye msuguano. Usiku usubiri, kwa sababu uume wa mwanamume mwenye afya husimama mara kadhaa akiwa usingizini, bila hata ya ndoto ya mapenzi. Ndiyo maana wengi wa wanaojaribu kulala nacho mapema huamshwa na maumivu.

Ngozi ikigeuka ya buluu au zambarau, ikiwa baridi, ikifa ganzi au ikivimba, kitoe papo hapo. Kikikataa kutoka, weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa na upake mafuta. Ikishindikana, nenda hospitali bila kuchelewa. Kadhalika, madaktari huhesabu uume uliosimama kwa zaidi ya saa nne mfululizo kuwa dharura. Aibu ya dakika chache mbele ya daktari ni afadhali kuliko kupoteza kiungo.

Usafi nao hauna mjadala. Osha kwa maji na sabuni isiyo kali kila siku, ukaushe vyema, na ukitoe kizimba mara kwa mara ili ukague ngozi. Asiyetahiriwa ahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa uchafu hujikusanya chini ya govi.

Wapo wasiofaa kukivaa kabla ya kumwona daktari. Mwenye ugonjwa wa selimundu tayari yumo katika hatari ya uume kusimama kwa muda mrefu wenye maumivu. Mwenye kisukari huenda asihisi jeraha mapema, na kidonda chake huchelewa kupona. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda naye aombe ushauri.

Mwisho, kizimba ni cha hiari. Kabla ya kufuli kufungwa, wawili wakubaliane kitavaliwa kwa muda gani, ufunguo utakaa wapi, na neno gani likitamkwa kitafunguliwa bila maswali. Mshika ufunguo akisafiri, ufunguo wa pili ubaki mahali mvaaji anapoufikia. Anayemfungia mwenziwe kwa nguvu, au kukataa kumfungua anapoomba, hachezi mchezo wa mapenzi, anamdhulumu.

Mwenda pole hajikwai. Utepe wa fundi na subira ya wiki chache vitamfaa anayeanza kuliko kizimba ghali kilichonunuliwa kwa pupa.