Mzazi Naye Huomba Radhi

Katika michezo ya televisheni inayotoka nchi za Asia siku hizi mna jambo linalowashtua watu wazima wanapoketi kuiangalia pamoja na watoto wao. Jambo lenyewe ni kwamba mzazi huulizwa. Huulizwa kwa nini alimpenda huyu akamsahau yule, kwa nini aliihama nyumba, kwa nini alimchagulia mwanawe kazi asiyoitaka. Na mara nyingine mzazi huyo, na mvi zake kichwani, hujibu kwa kuomba radhi.

Kwetu sisi watu wa Pwani neno radhi lina njia yake. Hutoka kwa mtoto likapanda kwa mzazi. Anayesafiri huomba radhi, anayeoa huomba radhi, na aliyefikwa na mikosi huulizwa kama hakumuudhi mamaye. Kuliona neno hili likishuka, kutoka kwa baba hadi kwa binti anayesoma shule, ni jambo geni. Ndipo nikaonelea tulizungumze, maana michezo hii imo majumbani mwetu na katika simu za vijana wetu, na haifai tuiache ipite bila ya kuipima.

FILAMU ZA ZAMANI

Wazee waliozoea filamu za Kihindi wataikumbuka Mother India ya mwaka 1957. Mama, aliyechezwa na Nargis, anampiga risasi mwanawe wa kumzaa kwa kuwa mwana huyo amemnyakua msichana wa watu. Mama ndiye kadhi. Mtoto ndiye mshtakiwa.

Halafu ikaja Deewaar mwaka 1975. Baba, kiongozi wa wafanyakazi, analazimishwa kutia sahihi mkataba wa kuwasaliti wenzake, kwa kuwa mkewe na watoto wake wametishiwa. Kwa aibu anatoroka. Watu wenye hasira wanamkamata mwanawe mkubwa, Vijay, na kumchanja mkononi maneno yasemayo kwamba baba yake ni mwizi. Maneno hayo hayafutiki. Vijay, aliyechezwa na Amitabh Bachchan, anakua nayo, anakuwa mhalifu nayo, na kufa anakufa nayo.

Hapo ndipo hasa penye shina la mambo tunayoyazungumza. Kosa lilifanywa na wakubwa, alama ikapigwa mkononi mwa mtoto. Lakini filamu ile haikumketisha baba chini na kumuuliza. Baba anarudi akiwa maiti, na hukumu yote yamwangukia Vijay. Michezo ya leo imekaa kitako na kuuliza lile ambalo Deewaar haikuuliza: je, nani ataijibia alama ile?

BINTI WA KATI

Nianze na Korea ya Kusini, na mchezo uitwao Reply 1988, ulioonyeshwa na kituo cha tvN kuanzia Novemba 2015 hadi Januari 2016. Ni habari za majirani wa kichochoro kimoja mjini Seoul, katika mwaka ambao mji huo uliandaa michezo ya Olimpiki. Baba wa nyumba moja ni karani wa benki. Alimdhamini mwenzake katika deni, mwenzake asilipe, na sasa jamaa nzima inaishi katika chumba kilichozama nusu chini ya ardhi.

Ana watoto watatu. Mkubwa ni msichana mwerevu na mkali, wa mwisho ni mvulana. Wa kati ni Deok-sun, na huyu wa kati ndiye anayepunjwa. Kuku akipikwa, mapaja huwaendea wenzake. Mayai yakipungua, yeye ndiye asiyepata. Siku yake ya kuzaliwa huunganishwa na ya dada yake kwa keki moja, kwa kuwa tarehe zao zimekaribiana: mishumaa ya dada huzimwa, ikawashwa tena kwa ajili yake. Mwaka huo amechaguliwa kubeba bango la Madagaska katika maandamano ya Olimpiki. Amefanya mazoezi kwa muda mrefu, kisha Madagaska inajitoa. (Kweli Madagaska haikwenda Seoul mwaka ule.) Mwishowe anapata kubeba bango la Uganda.

Hatimaye binti analipuka na kulia mbele ya jamaa yake yote. Sasa tazama anavyofanya baba. Hamkemei kwa utovu wa adabu. Hamwambii ahimidi kwamba ana pa kulala. Usiku anamngojea kichochoroni akiwa na keki ndogo, yake peke yake, na anamwomba radhi. Anamweleza kwamba yeye hakuzaliwa baba, na kwamba ubaba naye anaufanya kwa mara ya kwanza, kwa hiyo amekosea.

Ningependa msomaji aangalie mambo mawili. Kwanza, baba huyu ni mzima wa afya, hayuko kitandani akingoja mauti. Pili, analitaja kosa lenyewe. Haombi msamaha wa jumla. Keki ile aliyoishika ndiyo kosa lililotajwa kwa jina lake.

MTU WA MIAKA HAMSINI

Si kila nyumba ya Korea iliyo na baba kama huyo. Sky Castle, mchezo wa kituo cha JTBC ulioanza Novemba 2018 na kumalizika Februari 2019, ulikuwa na watazamaji wengi kuliko mchezo wowote wa vituo vya kebo vya nchi hiyo kabla yake. Habari zake ni za matajiri wanaowasukuma watoto wao waingie vyuo vikubwa, hasa waende kusomea udaktari.

Mtu asiyeijua Korea ataona wametia chumvi. Lakini nchini humo mtihani wa kuingia chuo kikuu, unaofanywa kila Novemba, una uzito ambao hata ndege huzuiwa kuruka na kutua wakati wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza, watahiniwa wasije wakasumbuliwa na kelele.

Mchezo unaanza na kijana aliyefaulu kuingia udaktari katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul. Wazazi wanafanya karamu. Kumbe kijana ameifanya kazi ile kama mtu anayelipa deni. Alipokwisha kulipa, akawaambia wazazi hataki kuwaona tena, akaondoka. Mama yake akajiua.

Lakini kilichonikaa mimi moyoni zaidi ni Kang Joon-sang, daktari bingwa anayekaribia miaka 50. Tangu utoto mama yake alimtaka awe wa kwanza, naye akawa wa kwanza. Maisha yake yanapoporomoka, baada ya kujua kwamba msichana aliyefariki hospitalini mwake alikuwa damu yake mwenyewe, anamwendea mama yake na kulia kama mtoto mdogo. Anamwambia kwamba miaka yote hiyo ameishi kwa kupanda ngazi alizowekewa, na sasa hajijui yeye ni nani. Bibi mzee anamtazama tu. Hana jibu, maana yeye aliamini kwamba anafanya wema.

Na binti wa daktari huyo, wakati huohuo, anasukumwa na mama yake katika njia ileile. Hivyo ndivyo jeraha linavyorithiwa. Halirithiwi kwa ubaya wa nia. Hurithiwa kwa sababu aliyeumizwa hajui namna nyingine ya kulea.

DU TING HAO

Tuje China, kwenye mafunzo ya Confucius ambako kumtii na kumtunza mzazi ni nguzo ya utu. Hata serikali imeingia humo: sheria iliyoanza kutumika Julai 1, 2013 inawataka watoto wanaoishi mbali wawatembelee wazazi wao wazee mara kwa mara. Katika nchi kama hiyo, mwaka 2019 ukaonyeshwa Du Ting Hao, yaani "Mambo Yote ni Mema", mchezo wa sehemu 46. Jina hilo ni kejeli, kwani ndani ya nyumba ya akina Su hakuna jema.

Su Mingyu ni binti pekee kati ya wavulana wawili. Mama aliuza vyumba vya nyumba yao ili mkubwa akasome Marekani na wa pili apate ya kwake. Binti, aliyekuwa na akili za kuingia chuo kikuu bora nchini, akatafutiwa chuo cha ualimu kwa kuwa hakikuwa na gharama. Baba yake, Su Daqiang, aliyaona yote hayo akanyamaza. Mingyu akaondoka nyumbani akiwa na miaka 18, akajisomesha, akawa mkubwa wa kazi.

Mama anapokufa, nani aitwe amtunze baba? Mingyu. Na baba aliyekuwa bubu miaka 30 sasa amepata ulimi. Anataka nyumba mpya, anataka kahawa, anawagombanisha wanawe. Habari ya mama nayo inafunuliwa polepole: yeye mwenyewe aliozwa bila ya mapenzi kwa manufaa ya ndugu yake wa kiume. Alilofanyiwa na wazazi wake, akalifanya kwa binti yake.

Hadi hapo mchezo ni wa haki kabisa. Lakini mwishoni baba anapatwa na ugonjwa wa kusahau. Anapotea nyumbani, na anapopatikana inajulikana alitoka kumnunulia Mingyu kitabu cha mazoezi alichokihitaji alipokuwa mtoto. Mingyu analia, anaacha kazi, anamuuguza.

Watazamaji wengi wa China walibishana juu ya mwisho huo, na mimi niko pamoja na wale ambao haukuwaridhisha. Machozi yalinitoka, sikatai. Lakini mwandishi amemwokoa baba kwa kumtia maradhi. Alipokuwa na akili zake hakusema neno. Alipoziacha, ndipo moyo wake ukaonekana. Binti amesamehe mtu ambaye hawezi tena kujua amesamehewa nini.

BABA ALIYETAKA WAVULANA

Mchezo ulio karibu zaidi na sisi kwa dini ni Zindagi Gulzar Hai wa Pakistan, ulioonyeshwa na Hum TV kuanzia Novemba 2012 hadi Mei 2013, na kuongozwa na Bibi Sultana Siddiqui. Murtaza amezaa mabinti watatu. Kwa kukosa mwana wa kiume anaoa mke wa pili. Kuoa si kosa lake. Kosa ni kwamba mke wa kwanza, Rafia, na wanawe wanatupwa, na Rafia, mwalimu, anawalea kwa mshahara wake.

Binti mkubwa, Kashaf, anasoma hadi anakuwa ofisa wa serikali. Na yule mtoto wa kiume aliyetamaniwa sana anakuwa fedheha ya baba. Hayo ni malipo ya wazi. Jeraha lenyewe limejificha kwingine: Kashaf anaolewa na mume mwema, lakini hawezi kumwamini. Jambo dogo likitokea anamwona baba yake amesimama mlangoni. Murtaza aliwaacha watu wanne. Karibu amuachishe na mkwe ambaye hakumjua.

Mwislamu akiuangalia mchezo huu atakumbuka hadithi mashuhuri ya Nu'man bin Bashir, ambaye babaye alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) kumshuhudisha zawadi aliyompa. Mtume akamuuliza kama amewapa na wanawe wengine. Aliposema la, Mtume akakataa kuwa shahidi. Kwa hiyo kumuuliza mzazi juu ya uadilifu wake si mambo yaliyoletwa na Wakorea.

ADABU NA MASWALI

Najua watakaosema kwamba michezo hii inawafundisha watoto ujeuri. Hofu hiyo ina msingi. Qurani imetukataza hata kuguna mbele ya wazazi waliozeeka, na hakuna mchezo wa televisheni utakaoifuta amri hiyo. Lakini Qurani hiyohiyo, katika Sura An-Nisaa, inatuamrisha tusimamie haki hata ikiwa juu ya nafsi zetu au wazazi wetu. Kumheshimu mzazi na kumsema kwa haki ni mambo yanayokaa nyumba moja.

Tena tuwaangalie watoto wa michezo hii. Mingyu ndiye anayelipa na kuuguza. Kashaf hamtupi mama yake hata siku moja. Deok-sun anaipokea keki na kumfariji baba. Wanachotaka si kumshusha mzazi. Wanataka lililotokea likubaliwe kuwa lilitokea.

Hapo ndipo tulipo na upungufu wetu. Sisi tunaombana radhi sana: Idi, safari ya Hija, na kando ya kitanda cha mgonjwa. Twasema, "Nisamehe nilipokukosea," na mwenzetu hujibu, "Nimekusamehe duniani na akhera." Ni maneno mazuri. Lakini ni ya jumla, na jeraha la mtoto si la jumla. Lina siku yake, lina mahali pake. Ni ile karo iliyolipiwa kaka na si dada. Ni ile talaka ambayo watoto waliisikia kwa majirani. Ni kile kipigo kilichopita kiasi.

Wahenga walisema mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii twaitumia kumkosoa mtoto, na huku mzigo wake wote uko kwa aliyelea. Mzazi aliye na neno kama hilo moyoni asingoje kuugua. Amwite mwanawe leo, alitaje jambo lenyewe, amwambie, "Siku ile nilikudhulumu." Ukubwa wake hautapungua. Na mtoto aliyesikia hivyo, akija kulea, hatakuwa na alama mkononi ya kumpitishia mwingine.